Kimbunga hakisubiri tarehe yako ya kliniki

Novemba ikianza, Bahari ya Hindi kusini mwa Ikweta huingia katika msimu wake wa vimbunga. Msimu huo huendelea hadi Aprili, na mara nyingine hugusa Mei. Ukiwa mkazi wa Mtwara, Lindi, Kilwa, Mafia, Rufiji, au hata Dar es Salaam na Unguja, utasikia watu wakiulizana kuhusu mabati, mitumbwi na minazi. Ni maswali ya haki. Lakini safu hii, ambayo kazi yake ni afya yako na ya mwanao, ina swali jingine: siku kimbunga kitakapotangazwa, dawa unazotumia zitakuwa zimebaki za siku ngapi?

Swali hilo laweza kuonekana dogo mbele ya upepo unaoezua mapaa. Si dogo. Upepo huua kwa saa chache. Yanayofuata baada yake, yaani barabara iliyokatika, zahanati isiyo na umeme na maji machafu ya kunywa, huua kwa wiki na miezi, na huwachukua zaidi wagonjwa, wazee na watoto.

"Kwetu havifiki"

Wapo wanaosema vimbunga ni mambo ya Madagascar na Msumbiji. Kwa sehemu wanasema kweli. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, kisha huhitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili upepo wake uanze kujizungusha. Karibu na Ikweta msukumo huo ni hafifu, ndiyo maana pwani yetu hupigwa mara chache kuliko ya majirani zetu wa kusini.

Lakini mara chache si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na kuangusha mikarafuu kwa wingi. Aprili 1952 kingine kilitua Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakaribia, wakazi wa Mtwara walitakiwa wahamie maeneo salama, kabla hakijatua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Na Mei 2024, msimu ukihesabiwa kuwa umekwisha, kimbunga Hidaya kilifika jirani na Mafia.

Hidaya kilitupa somo moja ambalo hatujalifanyia kazi vya kutosha. Kilipokaribia nchi kavu kilikuwa kimeshapungua nguvu, na wengi tukashukuru. Lakini mvua yake ilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi na malori yakakwama kwa siku kadhaa. Boti za kwenda Unguja nazo zilikuwa zimesimama. Sasa jiulize: mgonjwa wa kisukari aliyekuwa amebakiwa na insulini ya siku mbili, na tarehe yake ya kliniki ni wiki ijayo, alipitaje siku hizo? Dawa zinazotoka Dar es Salaam kwenda kusini hupita barabara hiyo hiyo. Hazina njia ya mkato ya angani.

Somo la Puerto Rico

Kisiwa cha Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani, kilipigwa na kimbunga Maria tarehe 20 Septemba 2017. Kwa miezi kadhaa serikali ilisema waliofariki ni 64. Agosti 2018, baada ya Chuo Kikuu cha George Washington kuchunguza vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida hadi Februari 2018, serikali ilikubali hesabu mpya: watu 2,975.

Hao wengine hawakuangukiwa na kuta. Umeme ulichukua karibu mwaka mzima kurejea kwa kila mteja. Mashine za kupumulia zilizimika, majokofu ya dawa yakapata joto, wagonjwa wa figo wakakosa huduma ya kusafisha damu, na barabara za vijijini zikazibwa na maporomoko. Utafiti mwingine, uliofanywa na wataalamu wa Harvard kwa kwenda nyumba kwa nyumba, ulionesha kuwa takriban theluthi moja ya vifo vilivyofuata kimbunga hicho vilihusishwa na kuchelewa au kukatika kwa matibabu.

Ikiwa hayo yalitokea katika eneo lililo chini ya nchi tajiri kuliko zote duniani, sisi tuna sababu gani ya kudhani kwamba kitakachotuumiza ni upepo peke yake?

Dawa za siku 30 hazitoshi

Hapa ndipo safu hii inapotaka kusema bila kuzunguka. Utaratibu wa kumpa mgonjwa wa pwani dawa za siku 30 tu, mwaka mzima, bila kujali msimu, umepitwa na wakati. Tunajua jambo hili linaweza kubadilika kwa sababu limeshabadilika upande mmoja. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye hali yake ni imara leo hupewa ARV za miezi kadhaa kwa mara moja. Hakuna aliyesema atazitupa au kuziuza. Alionekana ni mtu mzima anayejua thamani ya dawa yake.

Basi mgonjwa wa shinikizo la damu, wa kisukari, wa kifafa, wa pumu, na mtoto mwenye selimundu, wana kosa gani? Kwa nini wao nao, kila Oktoba ikifika, wasipewe dawa za miezi miwili au mitatu ili msimu uwakute na akiba? Halmashauri za pwani, hospitali za mikoa na mifuko ya bima ya afya wanaweza kulikubali jambo hili kabla mvua hazijaanza. Halihitaji jengo jipya. Linahitaji uamuzi, na mpango wa kuagiza dawa mapema ili bohari zisikutwe tupu.

Lakini wewe usisubiri uamuzi huo. Kliniki ijayo, mwambie daktari au muuguzi maneno haya: "Ninaishi pwani, msimu wa vimbunga umefika, naomba dawa za ziada." Ni ombi la busara na huna haja ya kuona haya. Ukiambiwa haiwezekani, omba angalau tarehe yako irudishwe nyuma kwa wiki moja, ili kila mara uwe na dawa za siku saba za ziada. Na kama unanunua dawa kwa fedha yako, usingoje hadi kidonge cha mwisho. Nunua ukiwa bado na za wiki moja au mbili.

Kopo moja lenye kila kitu

Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, au ndoo ndogo. Humo weka dawa za wiki mbili kwa kila mgonjwa aliyeko nyumbani, zikiwa kwenye pakiti zake zenye majina na tarehe za mwisho wa matumizi. Weka kadi za kliniki, kadi ya mtoto, kadi ya bima, na karatasi iliyoandikwa majina ya dawa, vipimo vyake, na namba ya simu ya kituo chako. Piga picha za kadi hizo kwa simu na umtumie ndugu anayeishi mbali na pwani. Ongeza pakiti za ORS, vidonge vya zinki, dawa ya kutibu maji, paracetamol, sabuni, bandeji, tochi na betri. Kila mwezi zungusha: tumia za zamani, weka mpya, ili zisiharibikie koponi.

Kopo hilo likae juu, mahali ambapo maji hayafiki, na kila mtu mzima wa nyumba ajue liliko.

Kila mgonjwa na tahadhari yake

*Mwenye kisukari.* Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu, lakini isiganda. Umeme ukikatika, usiitupe kwa hofu. Aina nyingi zikishafunguliwa hudumu takriban wiki nne katika joto lisilozidi nyuzi 30, ingawa ni vizuri kusoma karatasi yake. Joto la pwani likizidi hapo, tumia njia ya bibi zetu: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kivulini penye upepo. Chupa iwe kavu, isiguse maji. Insulini ya maji meupe ikigeuka rangi au kuwa na chembechembe, usiitumie. Na usiruke dozi kwa sababu chakula ni kidogo bila kuuliza mhudumu wa afya, maana kuacha insulini kabisa kunaweza kuua ndani ya siku chache.

*Mwenye kifafa.* Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Hii ni hatari hata kama mgonjwa hajaanguka kwa miaka.

*Mtoto mwenye selimundu.* Baridi, kulowa na kukosa maji ya kunywa ni mambo matatu yanayoweza kuamsha maumivu makali. Mbadilishe nguo kavu mara moja, mfunike, mpe maji mara kwa mara. Akipata homa, usisubiri asubuhi.

*Anayesafishwa damu.* Uliza kituo chako leo, si siku ya tufani, mpango wao ni upi barabara ikifungwa. Kimbunga kikitangazwa, omba usafishwe mapema, na usogee karibu na hospitali. Uliza pia upunguze vinywaji na vyakula gani endapo utachelewa.

*Mama mjamzito.* Ikiwa umefikisha wiki ya 36 au umewahi kujifungua kwa upasuaji, tahadhari ikitoka nenda kakae kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Ni afadhali kukaa siku nne kwa wifi kuliko kupata uchungu ng'ambo ya mto uliofurika.

Maji ndiyo adui wa pili

Mji wa Beira, Msumbiji, ulipigwa na kimbunga Idai usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Kabla mwezi huo haujaisha, kipindupindu kilikuwa kimetangazwa. Zaidi ya watu 6,000 waliugua. Ungetarajia vifo kwa mamia, lakini waliokufa kwa kipindupindu hawakufika kumi. Kwa nini? Vituo vya matibabu vilifunguliwa haraka, maji yakatibiwa, na zaidi ya watu 800,000 wakapewa chanjo ya matone ya kipindupindu. Hapo kuna habari njema kwako mzazi: kuhara baada ya mafuriko ni hatari, lakini si hukumu ya kifo. Anayewahi hupona.

Mafuriko huchanganya vyoo na visima. Kwa hiyo, baada ya mvua kubwa, hesabu kila maji kuwa machafu, hata yale ya bomba, hata yakiwa meupe. Chuja kwa kitambaa safi, kisha yachemshe hadi yatokote vizuri kwa dakika moja au zaidi. Kama kuni zimelowa na mkaa hakuna, tumia dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha subiri muda ulioelekezwa kabla ya kunywa. Tahadhari ikitangazwa, jaza ndoo na madumu mapema, maana maji ya leo ni safi kuliko ya kesho.

Mtoto akianza kuhara, anza ORS nyumbani bila kusubiri. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, kwa kuwa nyingine ni za lita moja na nyingine nusu lita. Kama huna pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea polepole. Zinki hupewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye umri wa miezi sita na zaidi, na miligramu 10 kwa mdogo kuliko hapo.

Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Katika wiki ambayo kila kisima kimechafuka, ziwa la mama ndilo chakula salama kuliko vyote. Kuwa mwangalifu na maziwa ya kopo yanayogawiwa: yanahitaji maji safi na chupa safi, vitu ambavyo wakati huo ni adimu.

Mkimbize kituoni mtoto ambaye macho yamebonyea, halii machozi, hakojoi, amelegea, hawezi kunywa, au kinyesi chake kina damu. Mkubwa anayeharisha maji kama ya mchele naye asilale nyumbani.

Hatari zilizo ndani ya nyumba

Upepo ukivuma na mvua ikinyesha, watu hufunga milango na madirisha, kisha huingiza jiko la mkaa ndani ili wapike na kujipasha moto. Usifanye hivyo hata usiku mmoja. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha, wala si barazani.

Usivuke maji yanayokwenda kasi. Maji yasiyofika hata magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mtoto mgongoni humzidishia uzito. Waya wa umeme ulioanguka usiguswe, wala dimbwi lililo karibu nao.

Mabati na misumari huacha majeraha. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, lifunike, kisha nenda kituoni kuulizia sindano ya pepopunda. Mafuriko yanapofukuza nyoka mashimoni, huingia majumbani. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kubana. Mtulize, kiungo kisitikiswe, na apelekwe hospitali haraka. Baada ya wiki chache, madimbwi yanapotulia, mbu huongezeka. Kwa hiyo chandarua ni kitu cha kuokoa mapema pamoja na dawa, na homa yoyote ya mtoto ipimwe malaria.

Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani

Wazazi wengi hushangaa kuona mtoto wa miaka saba, aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, anarudia baada ya tufani. Mwingine hataki mama aondoke hata kwenda chooni, mwingine hulia kila wingu likitanda. Huo si utundu, na kiboko si dawa yake. Ni woga ambao mwili haujautua. Mweleze kwa maneno mepesi nini kilitokea. Mrudishe katika ratiba yake ya kula, kulala na kucheza. Mwache achore au asimulie. Akiendelea hivyo zaidi ya mwezi mmoja, mpeleke kituo cha afya. Na wewe mzazi, ukiona hulali na moyo hauna raha, sema na mtu. Watu wazima nao hutikiswa.

Wajibu wa wenye mamlaka, na wajibu wetu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Fuata hizo, si sauti zinazozungushwa kwenye makundi ya simu. Angalizo likitoka, angalia kopo lako. Tahadhari ikitoka, wahi dawa na maji, na wagonjwa wanaohitaji kusogea wasogee. Tahadhari kubwa ikitoka, iwe imekukuta tayari. Kwa ushauri wa afya, piga bure namba 199 ya Wizara ya Afya.

Kwa wakuu wa halmashauri za pwani, ombi letu ni fupi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanazijua nyumba zote. Watumwe sasa waandike orodha: nani anatumia insulini, nani anasafishwa damu, nani ana mimba ya miezi minane, nani hawezi kutembea. Shule au msikiti utakaotumika kuhifadhi watu uwe na orodha hiyo, vyoo na maji kabla ya siku yenyewe. Na wagonjwa wa kudumu wapewe dawa za zaidi ya mwezi mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa maisha ya watu.

Nawe msomaji, kabla hujaliweka gazeti hili, hesabu vidonge vyako. Kisha gonga mlango wa jirani yako mzee na uhesabu vyake.